Kabla ya kuicheka Baltimore, tufungue daftari la Jericho

Kuna video inayozunguka katika makundi ya WhatsApp ya Wakatoliki wa Eastlands, Nairobi. Inaonyesha kanisa la zamani la Mtakatifu Yohane Mbatizaji mjini Pittsburgh, Marekani. Vioo vya rangi vipo madirishani, benchi zipo, lakini palipokuwa na altare sasa pamesimama mitungi mikubwa ya kutengenezea bia. Kanisa hilo lilifungwa mwaka 1993, na tangu 1996 ni baa na mkahawa. Chini ya video watu wameandika ya kuandikwa: Wazungu wamemwacha Mungu, hizi ni siku za mwisho, sasa Afrika ndiyo itakayowapelekea Injili. Mmoja ameweka vikaragosi vya kucheka.

Mimi sikucheka. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogondogo ya kanisa letu hapa mtaani Jericho, na kazi ya katibu ni daftari. Mwenyekiti ana sauti, mweka hazina ana pesa, katibu ana majina. Mtu akizaliwa naandika, akibatizwa naandika, akifunga ndoa, akihama, akifa. Safu ya mwisho upande wa kulia, ile ya maelezo, ilikaa tupu miaka mingi. Siku hizi ndiyo iliyojaa kuliko zote. Utawala. Ruai. Kamulu. Joska. Kitengela. Amerudi nyumbani Busia. Marehemu. Na neno moja ambalo huliandika kwa penseli kwa kuwa sina hakika nalo: haonekani.

Ukija misa ya pili Jumapili utasema mimi nimezeeka vibaya. Benchi zimejaa, watoto wamepakatwa, wanaume wamesimama nje chini ya hema wakisikiliza mahubiri kwa spika. Lakini hebu keti kando yangu. Yule ni mpangaji wa Donholm, anaipenda kwaya yetu. Wale wamekuja ubatizo wa mtoto wa jamaa yao. Huyu kijana amepanga chumba Umoja, mwezi ujao atakuwa Pipeline. Nawakaribisha wote, tena kwa mikono miwili. Ila ukimuuliza kila mmoja yuko jumuiya gani, wengi watakujibu, “Mimi huhudhuria tu.” Asiyeandikwa popote hakosekani popote. Akilazwa hospitali ya Mama Lucy wiki nzima, hakuna atakayejua kwamba kiti chake kilikuwa kitupu, kwa sababu kiti chenyewe kilishakaliwa na mwingine.

Binti wa dada yangu ni muuguzi Baltimore. Mwaka 2024, mwezi wa tano, alinipigia simu usiku. “Mama mdogo, kanisa letu limo kwenye orodha.” Jimbo kuu la Baltimore ndilo kongwe kuliko yote Marekani, lilianzishwa kama jimbo mwaka 1789. Lilikuwa na parokia 61 ndani ya jiji na pembezoni mwake. Baada ya vikao vya muda mrefu, vingine vya machozi, liliamua kuziunganisha, maeneo ya ibada yabaki 30. St. Louis walikuwa wametangulia mwaka mmoja: parokia 178 zikawa 134. Detroit walifunga karibu 30 kwa mkupuo mwaka 1989. Boston wakafuata 2004. Kwa hiyo hili halikuzuka jana kwa sababu ya simu za mkononi au nyimbo za kisasa.

Nilimuuliza kama watu wa huko wameacha kuamini. Alisema wengine ndiyo, na takwimu zinamuunga mkono. Shirika la Gallup, ambalo limekuwa likiwauliza Wamarekani kuhusu uanachama wao tangu miaka ya 1930, lilipata mwaka 2020 kwamba waliosema ni washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti ni asilimia 47. Ilikuwa mara ya kwanza kwa idadi hiyo kushuka chini ya nusu. Kwa Wakatoliki peke yao, ndani ya miaka kama 20 uanachama ulitoka asilimia 76 ukafika 58. Mapadre nao, waliokuwa zaidi ya 59,000 mwaka 1970, sasa hawafiki 36,000, na baadhi ya wanaoziba mapengo hayo wametoka kwetu. Wapo wa shirika la Apostles of Jesus, lililozaliwa Moroto, Uganda, mwaka 1968, wanaosomea misa watu wa Pennsylvania.

Lakini kuna takwimu nyingine ambayo haizunguki kwenye WhatsApp. Mwaka 1950 Baltimore ilikuwa na watu karibu 950,000. Mwaka 2020 walikuwa chini ya 590,000. Zaidi ya thuluthi moja ya jiji imeondoka, na makanisa hayana magurudumu. Yalijengwa na wahamiaji, Wajerumani na lao, Wapolandi na lao, Waairishi na lao, kila mtaa na mnara wake na shule yake. Baada ya vita vikuu vya pili magari yakawa mengi, barabara kuu zikakatwa, viwanda vikafungwa. Weusi walipoanza kupanga nyumba za jirani, Wazungu wengi wakafungasha. Vijana wakahamia vitongoji vya nje ya jiji, wazazi wakabaki na kanisa. Kisha wazazi wakafa, na kanisa la watu elfu likabaki na watu hamsini na paa linalovuja.

Wakati huo wote hakuna mnara ulioanguka. Misa zilisomwa, kengele zililia. Jirani aliyepita nje alidhani mambo ni shwari.

Sasa turudi nyumbani. Eastlands ilijengwa hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka. Muthurwa na Makongeni zilikuwa za watu wa reli. Zikaja Kaloleni, Bahati, Maringo, kisha Jericho uhuru ulipokuwa mlangoni. Kuanzia 1973 ikaanza Buruburu, na kila karani aliyepandishwa cheo akataka kuhamia huko. Umoja ikajengwa kwa mkopo wa Wamarekani, Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Na kila mtaa mpya ulipofunguliwa, uliwachota watu wa mtaa mkongwe: waliooa majuzi, wenye mishahara, walimu wa katekisimu, sauti nzuri za kwaya. Leo barabara ya Eastern Bypass na ile ya Kangundo ndizo zinazochota. Mtu anauza kishamba cha urithi, anachukua mkopo wa sako, ananunua ploti ya hamsini kwa mia, na baada ya miezi michache analala kwake hata kama dirisha bado ni nailoni. Simlaumu. Nyumba yangu mimi ni ya kaunti, na mabomba yake yana umri wangu.

Anayetaka kuona mwendo huo wote mahali pamoja aende St. Teresa’s, Eastleigh. Eastleigh ilikuwa na Wagoa, Wakatoliki wa kizazi na kizazi. Wakaondoka, wengi baada ya uhuru, wakaenda Uingereza na Kanada. Wakaja Waafrika wa kila kabila. Kisha Somalia ikavunjika mwaka 1991, biashara ikapamba moto, nyumba za wapangaji zikageuka maduka ya ghorofa, kodi ikapanda, na Wakatoliki wengi wakasukumwa nje. Silalamiki juu ya jirani Msomali. Alinunua alichouziwa, na hata nguo yangu ya Pasaka nainunua kwake. Ninachosema ni kwamba kanisa lile lingeweza kuwa Pittsburgh. Halikuwa, kwa sababu watu wa Mathare walipanda mlima wakaingia. Baltimore nako lipo kanisa kama hilo, Sacred Heart of Jesus la Highlandtown, lililokuwa la Wajerumani na leo linajazwa na watu wa Amerika ya Kilatini. Parokia inaweza kufiwa na watu wake na bado ikaishi, mradi iwapokee waliokuja kwa majina yao.

Na sasa kuna jambo jipya kwetu: mitaa yetu mikongwe inabomolewa. Pangani ya zamani imeshakwenda, maghorofa yamesimama mahali pake. Mingine iko kwenye mpango. Nyumba ikibomolewa serikali huuliza mpangaji ni nani na alikuwa akilipa kiasi gani. Hakuna anayeuliza jumuiya iliyokuwa ikikutana katika sebule ile Jumatano jioni itakutana wapi. Sitarajii serikali iulize. Ningetarajia sisi tuulize.

Tazama sensa. Mwaka 2009 Wakatoliki wa Kenya tulihesabiwa milioni 9.0, yaani asilimia 23.3 ya Wakenya. Mwaka 2019 tukawa milioni 9.7, asilimia 20.6. Tumeongezeka, ndiyo, na hiyo ndiyo sehemu tunayoisoma kwa sauti. Lakini lau tungeshikilia kiwango chetu cha 2009 tungekuwa karibu milioni 11. Hapo kuna watu milioni moja na laki tatu wa kutafutwa. Sisemi wote walikuwa wetu wakatoka, maana hesabu za vizazi na vifo haziko sawa kila mahali. Najua pia kwamba sensa ya pili iliyagawanya makanisa mengine kwa namna tofauti na ya kwanza. Lakini Mkatoliki aliulizwa kama Mkatoliki mara zote mbili. Na makanisa ya kiinjili, yaliyohesabiwa peke yao mwaka 2019, yalikuwa asilimia 20.4. Tunalingana nao sasa, kasoro nukta.

Hao watu wanaendaje? Nitakueleza kisa kimoja, kwa sababu nilikiona. Rafiki yangu tuliyeimba naye kwaya alihamia Utawala wakati wa masika. Lori lilikwama matopeni, vitu vikabebwa kichwani. Kabla hajamaliza kufunga kitanda, akina mama wa kanisa la mabati lililo nyuma ya ploti yake walibisha hodi. Walikuja na unga, sukari na mkaa. Wakamuuliza jina, wakachukua nambari ya simu, wakaomba pamoja naye, wakaondoka. Jumamosi wakarudi. Kanisa Katoliki lilikuwepo pia, bodaboda shilingi mia kwenda na mia kurudi, na barua yake ya uhamisho tulishampa, imeandikwa vizuri na kugongwa muhuri. Nilipomtembelea baadaye barua ilikuwa ingali ndani ya Biblia. Nikamwuliza kwa nini hakuipeleka.

“Wao walinijia,” akasema. “Nyinyi mlinipa barua.”

Hakukasirika wala hakubishana nami juu ya Ekaristi wala Bikira Maria. Hakuacha kuamini chochote. Alihama tu, na sisi tukamwachia yeye kazi ya kututafuta. Mwanawe wa mwisho atabatizwa katika kidimbwi, na katika daftari langu nitaandika nini? Kwa penseli?

Wapo wengine ambao hawakuhama, tuliwasukuma. Katika parokia moja ya Eastlands, ambayo sitaitaja, familia iliambiwa marehemu wao hatasomewa misa ya mazishi kwa kuwa kadi yake ya zaka haikuwa imelipwa miaka kadhaa. Marehemu alikuwa mgonjwa miaka hiyo yote. Mchungaji wa jirani alimzika bila kuuliza kadi, na tangu siku ile ukoo wote husali kwake. Naelewa kwa nini kadi zipo: kanisa hulipa stima na maji kama mtu yeyote, na wapo wanaokuja tu siku ya arusi na siku ya jeneza. Lakini kadi inapotumika kama tiketi mlangoni, tusishangae watu wakienda kwa wasiouza tiketi.

Pesa ndiyo iliyotuonyesha sura yetu kule Soweto. Jumapili ya Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, hapa hapa Eastlands. Akatoa Sh600,000 kwa kwaya na watoto wa chama cha kimisionari cha PMC, na Sh2 milioni za kujenga nyumba ya mapadre. Akaahidi Sh3 milioni nyingine na basi la parokia. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatangaza kwamba pesa zirudishwe na ahadi zikataliwe. Nilifurahi, na siku ile nilitembea Jogoo Road kifua mbele. Ila swali halikuniacha: kwa nini parokia yenye misa zilizojaa namna ile ihitaji mkono wa mwanasiasa kujenga nyumba ya padre? Jibu naliona kwenye daftari. Wanaokaa benchi ni wengi, wanaolibeba kanisa ni wachache, nao ni wale wale, wengi wao wanawake wa umri wangu wanaouza mboga. Askofu akirudisha pesa za Rais, pengo linarudi kwa mama mboga.

Isitoshe, si askofu aliyeanza kusema. Mwezi Juni mwaka ule vijana wa Gen Z, katika maandamano yao, walikuwa wameshayataka makanisa yaache kuwapa wanasiasa kipaza sauti na kupokea bahasha zao. Walisema barabarani kwa sababu kwenye vikao vyetu hawapewi nafasi ya kusema. Nilimuuliza kijana wa jirani yangu, mtoto niliyemwandika mwenyewe siku ya kipaimara chake, mbona simwoni. Akanijibu kwa heshima, lakini akajibu: “Mathe, mnatukumbuka tu mkitaka viti vibebwe.” Ni kweli. Kwenye halmashauri vijana wana mwakilishi mmoja, na kazi yake kubwa ni hema.

Kuna kitu kingine kilichowafukuza Wamarekani, na itakuwa unafiki nikikiruka. Aprili 2023 Mwanasheria Mkuu wa Maryland alitoa ripoti: watoto zaidi ya 600 walidhulumiwa na watu 156 ndani ya jimbo kuu lile la Baltimore, kwa miongo mingi, na waliojua walinyamaza. Miezi michache baadaye jimbo likaomba kinga ya ufilisi mahakamani. Binti wa dada yangu ana watoto wawili wadogo. Hajaacha misa, lakini haendi tena bila kujua mtoto yuko chumba gani na nani. Kwetu mambo haya husemwa kwa kunong’ona na kumalizwa na wazee. Tukiendelea kuyamaliza hivyo, najua nitakachoandika kwenye safu ya kulia.

Wako watakaosema naleta kiwewe. Kwamba Nairobi ilikuwa na watu milioni 3.1 mwaka 2009 na milioni 4.4 mwaka 2019, hivyo hata wakiondoka hamsini watakuja mia. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Baltimore ilishtuka kwa sababu jiji lilipungua na pengo likaonekana. Sisi jiji linakua, na anayekuja leo anamfunika aliyeondoka jana. Tunaweza kuwapoteza watu miaka 30 mfululizo na tusione benchi hata moja tupu.

Ninachotaka ni kidogo, na hakihitaji saruji. Kila Jumapili tunasomewa sadaka ya wiki iliyopita hadi shilingi ya mwisho. Basi mara moja kwa mwaka tusomewe pia hesabu ya watu: waliohama, waliofika, wasioonekana, jumuiya kwa jumuiya. Mtu akihama asipewe barua aende nayo peke yake. Katibu wa huku ampigie katibu wa kule, “Nakuletea mtu, anafika Jumamosi na lori,” na wa kule apeleke akina mama wawili na pakiti ya unga. Misa ya mazishi isifungwe na kadi. Mpangaji wa chumba kimoja Umoja aandikwe leo, hata kama mwezi ujao atakuwa Pipeline; akienda, simu iende pamoja naye.

Wataniambia mapadre ni wachache, paroko mmoja hawezi kuwafuata watu elfu kadhaa. Hawezi, wala sikumwomba. Maaskofu wa AMECEA, hawa wetu wa Afrika Mashariki, waliamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogondogo kwa sababu walijua padre hatatosha. Baltimore hawakuwa na sebule zetu za Jumatano. Sisi tunazo, na zingine hazina shughuli zaidi ya kuchangisha.

Mkutano wa halmashauri ya parokia ni mwisho wa mwezi huu. Nimeomba dakika kumi za kusoma daftari. Mwenyekiti amekubali, akaniweka baada ya ripoti ya kamati ya ujenzi, ambayo kwa kawaida huchukua saa mbili.